Piga sura, shela litajijua

Picha za kwanza za theluji nilizomtumia mama zilikuwa 9. Nilizichambua kutoka 300 na ushee, nikazipanga vizuri, nikazituma WhatsApp usiku, nikalala nikisubiri sifa. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti, sekunde sita tu: "Mwanangu, hayo majivu yote yametoka wapi?"

Nikazifungua tena. Mama hakukosea. Viwanja vya Helsinki nilivyoviona kwa macho yangu vikiwaka kama chumvi, kwenye picha vilikuwa na rangi ya vumbi la saruji. Miti ya kijivu, mbingu ya kijivu, na mimi mwenyewe kwenye ile ya kujipiga nilikuwa kivuli chenye koti. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Ngamiani, na theluji niliyokuwa nimeiona hadi siku ile ni ya Kibo, kwa mbali, kupitia dirisha la basi tukiingia Moshi. Sasa nimeikanyaga, halafu naipeleka nyumbani ikiwa majivu.

Nikalaumu kamera. Ni ya mtumba, nilinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama, lenzi moja tu ya milimita 35. Lakini kamera ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Ndani yake mna mita ya mwanga, na mita hiyo ina imani moja: kwamba dunia ukiikoroga yote kwenye sufuria moja utapata kijivu cha katikati. Ukuta, majani, lami, mtu na shati lake la bluu, ukichanganya vyote jibu halitoki mbali na hapo. Ndiyo maana mchana wa kawaida picha inatoka sawa. Ukiielekeza kwenye theluji inaona mwanga umezidi mno, inashtuka, inaukata mpaka ufike kwenye kijivu chake. Ukiielekeza kwenye rundo la makaa itafanya kinyume, itakuletea makaa yaliyopauka. Haijui nyeupe wala nyeusi.

Hayo nimeyasoma baadaye. Aliyenifundisha kwanza ni mjomba, kwa simu.

Mjomba alikuwa na studio ya picha Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Chumba kimoja mbele, chumba cha giza nyuma, na katikati pazia la turubai alilochorewa na fundi wa mabango: ziwa, mashua, na mlima wenye theluji kileleni. Hiyo theluji ilikuwa chokaa ya ukutani. Kila pazia lilipoguswa, chokaa ilibanduka ikawashukia wateja mabegani, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuwapangusa kwa brashi ya viatu kabla mjomba hajabonyeza. Kwa hiyo theluji ya kwanza kuniangukia maishani iliniangukia Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako kanionyesha. Umepiga shela wewe."

"Shela gani, mjomba? Ni theluji."

"Ndiyo hiyohiyo. Umeisahau Jumamosi?"

Sikuwa nimeisahau. Jumamosi ndiyo siku ya maharusi. Bi harusi analetwa na kundi la watu, vifijo mpaka barabarani, shela jeupe pee la nailoni linalorudisha mwanga kama kioo, na katikati ya weupe wote huo, sura ya binti wa Kidigo au Kibondei au Kisambaa. Ukiiamini mita, shela linatoka kijivu na bi harusi anatoka usiku mtupu wenye macho mawili. Hapo ukoo mzima unakuja dukani kugombana, na wana haki. Mjomba alikuwa na mita ya mkononi, kidude cha duara kama saa ya mezani. Alikuwa anakisogeza mpaka karibu na shavu la bi harusi, anasoma, anatia akilini kwamba hilo ni shavu na si ukuta, anafungua lenzi kiasi anachotaka yeye. Sisi vijana tulikuwa tunamsumbua: mjomba, shela je, si litaungua? Naye kila mara jibu lake moja. "Piga sura, shela litajijua."

Kuungua, kwa wasiotoka studio, ni pale mwanga unapozidi mpaka karatasi inabaki nyeupe tupu, hakuna mkunjo, hakuna uzi. Sehemu ya shela ikiungua kidogo, msamaha upo. Sura ikizama, hakuna.

Na niseme hili hapa kwa sababu watu hudhani ni wivu. Filamu za rangi zenyewe hazikutengenezwa kwa kutufikiria. Maabara zilizokuwa zikisafisha filamu za Kodak zilipewa kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi walimwita Shirley, na hata alipobadilishwa akaja mwanamke mwingine mweupe, jina likabaki. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Waliokuja kulalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, kwamba kahawia zao hazitofautiani kwenye matangazo. Mjomba hakuijua habari ya Shirley. Alijua tu kwamba ile rola ikitoka kwenye boksi ina upande wake, na kazi yake ni kuibishia.

Wiki ile nikamwomba rafiki yangu mmoja, mtu wa Bukavu, anisindikize Pitkäsilta. Ni daraja la mawe ya granaiti kati ya Hakaniemi na katikati ya jiji, limemalizika 1912. Zamani lilikuwa mpaka: ng'ambo ya kaskazini wafanyakazi, ng'ambo ya kusini wenye mali zao. Ukitazama mawe yake kwa karibu bado utaona makovu ya vita. Majira ya baridi, maji ya chini yanaganda na watu wanapita juu yake kama wanakatiza uwanja wa mpira. Nalipenda kwa sababu ya upepo. Hakuna mtu anayevuka Pitkäsilta mwezi wa kwanza akiwa na sura ya kupigiwa picha. Kila mtu ana sura yake halisi.

Nikampiga rafiki yangu picha ya kwanza kwa kuifuata mita, nikamwonyesha kwenye kioo. Akacheka. "Hii njo foto gani? Sura yangu iko wapi?" Nikakishika kile kitufe cha kujumlisha na kutoa mwanga. Jumlisha moja: bado. Jumlisha moja na theluthi mbili: pua ikajitokeza, halafu mfupa wa shavu, halafu ile alama ndogo aliyonayo juu ya nyusi. Nyuma yake theluji ikawa nyeupe, kweupe kwelikweli. Nikamtumia mama hiyo moja. Jibu lake: "Mwambie avae kofia."

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika somo la kitufe. Ila msimu uliofuata nikakutana na picha za Pentti Sammallahti, nikavurugikiwa.

Sammallahti ni Mfini, mzaliwa wa Helsinki, 1950. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, nyingi ndogo za kushika mkononi, na nyingi zina mbwa. Zipo za Solovki, visiwa vya Bahari Nyeupe kule Urusi, za mwaka 1992, na ndizo nilizozikodolea macho maktaba mpaka mgongo ukauma. Theluji yake si nyeupe! Ni kijivu cha jioni, kijivu cha maziwa yaliyotiwa maji, na mbwa kasimama katikati kama amepewa zamu. Nikajiuliza: huyu naye mama yake angeona majivu? Nikarudi kwenye picha zangu zilizokataliwa, nikaziweka pembeni ya zake. Zangu zilikuwa kijivu kwa sababu mashine iliamua. Zake ni kijivu kwa sababu ilikuwa jioni, na yeye alitaka uijue ile jioni. Kila kivuli kina ngazi zake, unaweza kuhesabu manyoya ya mbwa. Zangu zilikuwa matope.

Tangu hapo sheria ya mjomba naitumia kwa watu. Kwa mahali, kwanza nauliza saa ngapi. Hapa Desemba ikifika mwishoni, jua linachomoza saa tatu na nusu kasoro dakika chache na kuzama saa tisa na robo. Saa tisa na robo ya Tanga muadhini anajiandaa kwa alasiri, ya huku mchana umekwisha. Na halizami kama letu, la kudondoka. Linateleza ubavuni mwa dunia, mwanga unakuwa wa bluu, na bluu hiyo inakaa karibu saa nzima. Theluji inaipokea yote. Ukiiambia kamera isahihishe rangi iwe nyeupe, unakuwa umefuta alasiri nzima. Nimeacha kusahihisha.

Lugha nayo. Wafini wana loska, ule uji mchafu wa kando ya barabara. Nuoska, inayoshikamana ukaifinyanga. Hanki, iliyotandaa mashambani. Sisi tuna theluji na barafu, na hilo la pili tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao ndiyo theluji yenyewe. Lakini kuna neno jingine nimelipenda zaidi. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyesafiri kutoka upande wa Mombasa, alipouona Kilimanjaro Mei 1848, alimuuliza kiongozi wake kile cheupe ni nini. Yule mtu akajibu kwa neno moja: baridi. London mabingwa wa jiografia walimbishia Rebmann miaka na miaka, theluji Ikweta wapi na wapi. Hakuna aliyemuuliza yule kiongozi. Mimi nikitoka na kamera najaribu kupiga alichokisema yeye. Theluji mtu yeyote mwenye simu anaipata. Baridi ndiyo inayosumbua kuipiga.

Mtaani nimegundua baridi iko mabegani. Iko kwenye mtu anayetembea kwa hatua fupifupi kwa kuogopa utelezi, iko kwenye dirisha la tramu lililotoka jasho na mtu kafuta tundu la kuchungulia ukubwa wa sahani ya kahawa. Hilo la madirisha alilimaliza Saul Leiter, wa New York, aliyefariki 2013. Mtoto wa rabi, alitoka Pittsburgh akaenda kuwa mchoraji, akaishia kupiga picha mitaa ya jirani na kwake miaka na miaka: mwavuli mwekundu kwenye theluji, mtu nyuma ya kioo chenye ukungu, robo tatu ya picha imezibwa na kitu cheusi ambacho hata hukijui. Za rangi zilikaa kwenye maboksi miongo kadhaa kabla dunia haijazishtukia. Napenda kwamba hakwenda mbali. Napenda kidogo kidogo pia kwamba alikuwa mvivu wa kuzitangaza.

Na mpiga picha Alfred Stieglitz, huyo ni wa zamani kabisa, alisimama Fifth Avenue, New York, Februari 1893 ndani ya tufani ya theluji kwa saa tatu, na kamera ya kushika mkononi ambayo waungwana wa wakati ule waliiona mchezo wa watoto, akisubiri gari la farasi lije mahali anapopataka. Alipoonyesha negativu wenzake walimwambia haiko kali, aitupe. Mimi saa tatu siwezi. Nimewahi kufika dakika 50 kwenye kituo cha tramu Hakaniemi, bibi mmoja wa Kifini akanisimamia mbele, akanitazama miguu, akasema neno moja la viatu, akaondoka. Wiki iliyofuata nilianguka chali palepale, kamera juu, mimi chini, nikanunua viatu vya misumari. Kila mhamiaji hapa ana hadithi ya siku alipovinunua.

Tramu za hapa ni za kijani na njano, na kwenye theluji ndicho kitu pekee chenye furaha. Ukizipiga kwa kasi ya kawaida zinaganda kama midoli. Nikaanza kupunguza: sehemu ya 30 ya sekunde, ya 15, ya 8. Kwenye ya 8 tramu inakuwa mchirizi, chembe za theluji zinakuwa nyuzi, na mtu akisimama tuli, anabaki yeye peke yake katika jiji lote lililoyeyuka. Kumi zinaharibika, moja inakaa. Mchana kweupe huwezi, mwanga ni mwingi mno. Unasubiri saa nane na nusu, mawingu yameshuka, unabana tundu la lenzi liwe dogo kabisa, unajibanza kwenye nguzo, unatoa pumzi nusu na kuikata. Pumzi ukiitoa yote inaganda kwenye kitundu cha kuchungulilia, huoni tena.

Kusafiri sina mengi. Nilipanda treni ya usiku kwenda Rovaniemi, safari ya kama saa 12 hivi, kisha nikaenda Riisitunturi kule Posio, ambako miti ya jamii ya msonobari inabebeshwa theluji na ukungu unaoganda mpaka mti wenyewe hauonekani. Wanaita tykky. Unaona watu wamesimama kilimani wamejifunika gubigubi, mia kwa mia, kama maharusi wanaosubiri studio ifunguliwe. Nilipiga picha 412. Zote nzuri, na zote nimeshaziona kwenye kalenda. Zile za mandhari tupu huwa zinanichosha haraka, nakiri. Naitafuta nyayo, mtaro wa ski, mlango wa banda, sipati, natoka. Ya safari nzima niliyoibakiza ni ya ndani ya treni, alfajiri: kioo cha behewa, nje mstari wa miti kwenye bluu, na juu ya miti, kwa mwakisi, mkono wa mzee aliyekaa mbele yangu anamimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Mvuke wa kahawa unapanda katikati ya msitu.

Mambo ya kiufundi wanayoniuliza vijana nitayasema haraka. Betri inakufa kwenye baridi kali. Weka ya pili kwapani, mfuko wa ndani, na iliyokufa ikipata joto hufufuka kidogo. Ukirudi ndani usiitoe kamera. Kabla hujafungua mlango ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache mpaka kamera ipate joto la nyumba, la sivyo itatoka jasho hadi ndani ya lenzi. Kama unajijua ni msahaulifu, toa kadi ya picha kabla. Mimi sikukumbuka mara mbili. Miguu ya chuma ya stendi ivalishe kitambaa. Na ruhusa: Finland barabarani unaruhusiwa kupiga, lakini mimi bado nina adabu ya Ngamiani, mtu akinikazia macho nashusha kamera na kumwamkia. Wengi wanashangaa kuamkiwa kuliko kupigwa picha.

Mwezi wa pili mwaka huu nilirudi Pitkäsilta na rafiki yangu yuleyule wa Bukavu, safari hii na kofia. Nilitaka picha moja yenye vyote: sura yake, theluji inayoshuka, tramu inayopita nyuma kama moto wa kijani. Sehemu ya 15 ya sekunde. Nikamwambia aegemee jiwe la ukingo asipumue, akapumua, tukarudia. Tramu ya nne, ya tano. Ya sita ndiyo yenyewe. Nikaichapisha kwenye karatasi nzito, ukubwa wa A4, nikamfungia dada mmoja aliyekuwa anakwenda likizo Tanga, na maelekezo ya nyumba ya mjomba.

Mjomba siku hizi ana mtoto wa jicho, la kushoto limeshafanyiwa upasuaji, la kulia bado. Studio ilifungwa siku nyingi, pale pana duka la simu. Mama anasema aliipokea picha, akatoka nayo barazani kwenye mwanga, akaileta karibu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaanza kuisoma kuanzia usoni. Alikaa nayo muda kidogo. Jioni akanipigia.

"Nani huyu?"

"Rafiki yangu, mjomba. Mkongo."

"Sura umeipata. Mpaka ile alama ya juu ya jicho." Akanyamaza. Nikasikia karatasi inageuzwa. "Lakini hapa juu, upande wa kushoto, kwenye paa la hiyo basi…"

"Tramu, mjomba."

"Hapo shela limekuungua."

Nimeifungua kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka mwisho. Kweli. Juu ya paa la tramu, pana kama kucha ya kidole gumba, hapana kitu.